Niambie Mbele Kuna Nini

Pale mbele ya hospitali, madereva wa pikipiki walikuwa wamejaa tele, lakini manesi wakitoka zamu ya jioni walimtafuta mmoja tu. Walimwita Taratibu. Jina lilikuwa limemganda hata mkewe mwenyewe alishtuka siku moja kumsikia mtu akimwita kwa lile alilopewa na wazazi wake.

Taratibu alikuwa na adabu zake za usiku. Jua likianza kushuka alipiga magoti mbele ya pikipiki kama mtu anayemvalisha mtoto viatu, akafuta kioo cha taa kwa kitambaa chenye sabuni, akabonyeza matairi kwa kidole gumba, kisha akamwita mmoja wa mapacha wake aje asimame nyuma amwambie kama taa nyekundu inawaka akikanyaga breki. Helmeti yake ilikuwa na kioo cheupe; hivyo vyeusi wanavyovaa vijana aliviita vitambaa vya kufungia macho. Abiria alimpa koti zito, kwa sababu, alisema, mtu anayetetemeka hakai sawa, na asiyekaa sawa anaiyumbisha pikipiki. Wenzake walipoucheka mwendo wake aliwajibu, "Mimi naenda mpaka pale taa yangu inapofika. Huko mbele zaidi sipajui, nakimbilia nini?"

Abiria wake wa mwisho kila siku alikuwa mkewe, Mama Pacha, aliyekuwa dobi katika hospitali hiyohiyo. Alikuwa akitoka chumba cha kufulia mikono imekunjamana kwa maji, nguo zikinuka dawa ya kuondoa madoa, anapanda nyuma, anaegemeza shavu mgongoni kwa mumewe na kufumba macho. Hakuna sehemu ya siku aliyoipenda kama ile. Mpaka usiku wa fungu la mchanga.

Mtu anayejenga alikuwa amemwaga mchanga nusu ya barabara. Bahati tu, Mama Pacha hakuwa amefumba macho. Aliuona kwa mbali, umeng'aa kwenye taa yao, akangoja mumewe aukwepe. Pikipiki ikaenda moja kwa moja. Akangoja tena kidogo, maana mume wake ni Taratibu, si mtu wa kufundishwa barabara. Kisha roho ikamruka, akampiga begani na kupiga ukelele. Pikipiki ikapinda, gurudumu likachota ukingo wa mchanga, mkia ukayumba huku na huku, ikatulia.

"Niliuona," Taratibu akasema.

"Uliuona lini?"

Taratibu alikaza mikono kwenye usukani. Walifika nyumbani wamenyamaza kama waliogombana.

Tangu hapo Mama Pacha hakufumba macho tena, na alichokiona kilimnyima usingizi. Umeme ulipokatika, mumewe alisimama katikati ya sebule mikono ameitanguliza mbele, na mapacha wakaangua kicheko wakidhani baba anacheza nao mchezo wa kufungwa macho. Naye akacheka, akaendelea kupapasa. Barabarani alilitafuta lori lolote, akaganda nyuma ya taa zake nyekundu, lori likipinda naye anapinda. Likimwacha, anapunguza mwendo mpaka mtembea kwa miguu anawapita. Ule utaratibu waliomsifia miaka yote, sehemu yake ilikuwa woga.

Alimuuliza kitandani, wakiwa wamelala chali.

"Baba Pacha, unaona?"

"Mchana naona hata sisimizi."

"Mimi nimekuuliza usiku."

Taratibu alivuta shuka mpaka kidevuni. "Nikiwasha taa naona pale katikati inapopiga," akasema mwishowe. "Pembeni hakuna kitu. Ni kama nachungulia ndani ya bomba. Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba."

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, sauti yake ya upole. Alimulika, akanyoosha vidole kushoto na kulia, akauliza vingapi, na Taratibu akasema hajaona hata mkono. Ugonjwa upo nyuma kabisa ya jicho, daktari akaeleza. Miwani haiufikii, dawa yake hana, kisu pia hana. Mara nyingi unatembea ndani ya ukoo.

"Babako aliona vizuri?"

Taratibu alifikiri. "Baba jioni alikuwa anagonga kuta. Anaangukia mitaro. Mtaa mzima ulimwita mlevi, na mama alikuwa analia kwa aibu." Akaitazama mikono yake. "Hakuwahi kuonja pombe, daktari. Alituapia mpaka akachoka. Hatukumwamini."

Mama Pacha aliutafuta mkono wa mumewe akaushika. Kichwani walikuwa wanampitia mapacha, wanavyokimbizana uani magharibi, na hakuthubutu kuuliza.

"Pikipiki usiku basi," daktari akasema. "Kuanzia leo, baba. Nakuomba."

Na kweli aliacha. Manesi aliwaambia kiuno kinamsumbua, wakampa pole, wakatafuta wengine. Akawa mtu wa mchana. Abiria mmoja tu wa usiku ndiye aliyemshinda kumwacha.

"Nikukabidhi kwa wale?" alimwambia mkewe. "Wanaoendesha kama wamekurupushwa na nyuki? Nikae hapa nasikiliza kila king'ora nikidhani ni wewe? Hapana, mke wangu. Nyumbani na hospitali si mbali. Njia naijua kama meno yangu."

Mama Pacha alipaswa kukataa. Alijua hivyo hata wakati ule. Lakini alikuwa anamwona mtu aliyenyang'anywa kila kitu, ameshika kilichobaki kwa mikono miwili, akakosa moyo wa kumbandua vidole. Badala yake akasema, "Basi mimi nitakuwa nakuambia mbele kuna nini."

Wakaenda hivyo. Alikaa wima, kidevu juu ya bega la mumewe, mdomo karibu na helmeti. Shimo, kulia. Nyoosha. Tuta hilo, punguza. Mtu anavuka, simama, haya ameshavuka. Usiku wa kwanza walifika jasho linawatiririka. Baadaye wakazoea, hata utani ukaingia.

"Hivi dereva hapa nani?" aliuliza Taratibu.

"Mimi. Wewe ni usukani tu, na hata kupakwa grisi hujapakwa."

Alimsikia akicheka ndani ya helmeti. Ilikuwa siku nyingi hajamsikia akicheka.

Usiku mmoja mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Lami ilikuwa imelowa, kila taa inajirudia mara mbili, juu na chini. Mama Pacha alikuwa amefua mashuka ya chumba cha upasuaji tangu aingie, mgongo unamuuma, lakini macho alikuwa ameyakaza na maneno yanamtoka vizuri. Walikuwa wameshapita soko. Mbele likatokea lori, limewasha taa zote, zile za juu na zile za chini.

Weupe ukamjaa machoni. Barabara ikafutika, ukingo ukafutika.

"Mbele kuna nini?" Taratibu akauliza.

Alifungua mdomo. Hakuwa na la kusema.

"Mama Pacha! Sema!"

"Sioni!" akapiga kelele. "Simama, sioni!"

Breki zilishikwa, lakini lami ilikuwa utelezi. Alisikia chuma kinagonga chuma, kisha sauti ya mtu, fupi, kama aliyepigwa ngumi tumboni. Alipopata fahamu alikuwa amekaa barabarani, viganja vimechubuka, na lori limeshakwenda zake.

Waliyemgonga alikuwa mnoa visu, mzee mwembamba aliyezunguka mitaani na baiskeli yenye jiwe la kunolea nyuma. Alikuwa anaisukuma kurudi kwake. Baiskeli ilikuwa chini, gurudumu moja bado linazunguka, na goti la mzee lilikuwa limegeukia upande ambao goti haligeukii.

Watu walijaa. Waliomjua Taratibu walikuwa wengi, na kila mmoja alitoa hukumu yake. Huyu hajawahi kumgonga hata kuku. Mzee baiskeli yake haina taa, haina hata kipande cha kung'aa, nguo nyeusi, unategemea nini? Askari alipofika akauliza, akaambiwa hivyohivyo, akatikisa kichwa akikubali. Na mzee mwenyewe, meno yakigongana kwa maumivu, alimshika Taratibu mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa langu. Sina taa."

Taratibu alifungua mdomo. Mama Pacha alimwona. Kisha midomo ikafungana, akabaki amepiga magoti kwenye lami iliyolowa, mzee amemshika, watu wanampigapiga mgongoni wakimpa pole.

Mzee alilazwa wodi ya wanaume, na mashuka ya wodi ile yalikuwa yanapitia mikononi mwa Mama Pacha. Aliyajua kwa alama ya rangi pembeni. Alipoyapeleka yakiwa yamekunjwa, mzee alimwita kutoka kitandani.

"Shikamoo yangu mfikishie mwenzako, maana nimemsumbua. Mwambie asijilaumu."

"Baba, shikamoo ni yetu sisi kwako," alisema, akaona machozi yanakuja, akajifanya anahesabu foronya.

Siku nyingine mzee alimweleza alivyoambiwa na madaktari. Mguu watauokoa, goti halitakunja tena. "Na jiwe langu linazungushwa kwa mguu, binti yangu. Sijui nitalizungusha kwa nini." Alisema bila kulalamika, kama anayemuuliza njia. Mama Pacha hakuwa na njia ya kumwonyesha.

Nyumbani Taratibu alishinda amekaa uani. Pikipiki aliifunika turubai. Mara mbili alikwenda hospitali mchana, akafika mlango wa wodi, akageuza. Mkewe hakumlaumu, yeye aliingia mle kila siku na alikuwa hajasema. Mara ya tatu walikwenda pamoja. Taratibu akakaa kwenye kiti cha plastiki na hata salamu hakumaliza.

"Mzee, mimi macho yangu usiku hayaoni. Nilikuwa najua. Daktari aliniambia, na bado nikaendesha."

Mzee alimtazama, kisha akamgeukia Mama Pacha. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa namwongoza. Lile lori likanimulika."

Mle wodini mtu alikohoa. Toroli la chai lilipita, vikombe vikigongana. Mzee alilitazama goti lake lililofungwa, lilivyokuwa limenyooka juu ya mto.

"Na mimi," akasema polepole, "nimelala hapa nawaomba radhi."

Taratibu akaanza kusema jambo, kwamba atafanya lolote, atamletea, atamsaidia. Mzee aliinua mkono.

"Nendeni, wanangu. Nimechoka."

Walikwenda. Kesho yake Mama Pacha alipopeleka mashuka, mzee alikuwa ameugeukia ukuta. Aliyaweka miguuni pa kitanda kimyakimya, akatoka. Keshokutwa pia. Alipowatuma mapacha mchana wampelekee uji, uji ulipokelewa, ukanywewa, na asante ikatolewa kwa watoto waliouleta, basi. Siku mzee alipopewa ruhusa walikikuta kitanda kitupu, na hakuna aliyejua vizuri anakaa wapi.

Siku hizi Mama Pacha anarudishwa na kijana mmoja wa pale kijiweni. Anaendesha mkono mmoja, wa pili umeshika simu, na akiambiwa apunguze anasema, "Usijali, mama." Mama Pacha anajishikilia kwa nyuma na kutazama barabara inavyowajia, kila shimo na kila tuta, wala hasemi kitu tena, maana hakuna anayemuuliza.

Taratibu humngoja nje ya mlango. Pikipiki zinazopita mtaa ule ni nyingi, zote zinalia sawasawa, na kila inayokaribia anasimama. Ikipita anakaa.

"Ni wewe?" anauliza ikisimama.

"Ni mimi."

Ananyoosha mkono upande ambao mkewe hayupo, hewani, mpaka yeye mwenyewe asogee aushike.