Taa ya Babu Spana

Taa zote za mtaa zilikuwa zimekwisha kuvishwa kofia, isipokuwa moja. Kofia zenyewe zilikuwa za bati, zimekunjwa kama bakuli lililopinduliwa, nje nyeusi, ndani zimeachwa ziking'aa, ili mwanga ushuke barabarani unakotakiwa badala ya kupanda mbinguni ambako hakuna aliyeuagiza. Aliyezitengeneza ni fundi bati wa karibu na kinu cha nafaka, mwanamke wa makamo, mikono yake imejaa makovu madogo madogo na ulimi wake hauna hata moja. Taa iliyobaki ilikuwa mbele ya lango la baba yake mzazi.

Watu walicheka, wangeacha vipi. Mganga hajigangi, walisema. Kazivisha kofia taa za watu baki, ya baba yake imemshinda.

Shughuli yote ilianzishwa na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, bwana mwembamba asiyejua kukata tamaa. Siku moja aliwaambia wanafunzi wachore anga la usiku. Wakachora. Karibu wote walichora nguzo, taa, na juu yake rangi ya chungwa, basi. Mmoja alichora nyota, na alipoulizwa akasema ile ni taa ya mnara wa simu. Mwalimu alizibeba picha zile mpaka kwenye kikao cha mtaa akazibandika ukutani bila kutoa hotuba. Wakubwa wakazitazama, wakaona haya kidogo, maana wao walikua wakiziona nyota tele na hakuna aliyekumbuka zilipotea lini. Nyota haziagi. Taa inaongezwa hapa, nyingine pale, mpaka siku unayoinua kichwa ukakuta anga limekuwa kama dari la jiko la kuni.

Ubishi ulikuwepo, na penye wengi pana mengi. Wenye maduka walihofia wezi. Mwalimu aliwatoa nje jioni ile ile, akafunga kipande cha boksi kwenye ncha ya mti mrefu, akakishikilia juu na mbele ya taa kiasi cha kuizuia isiwapige machoni. Barabara ikaonekana mpaka mawe yake. Mwenye duka la dawa, mama mnene ambaye hukubali jambo kwa shida kama anayemeza kidonge kikubwa, akasema, "Kumbe siku zote taa ndiyo iliyokuwa inanipofusha." Halmashauri nayo ikaridhia, kwa sharti moja: taa isiguswe kama mwenye lango linaloielekea hataki. Wenye malango wote walikubali. Baba wa fundi bati peke yake alikataa.

Mzee huyo alikuwa fundi bomba kabla ya magoti yake kustaafu, na mtaa mzima ulimwita Babu Spana. Taa ile ya langoni kwake, pale konani, ilikuwa yake kwa jina na kwa jasho. Zamani, kabla mtaa haujawa na nguzo hata moja, kitinda mimba wake alitumwa dukani kununua utepe wa kufungia bomba. Aliyemtuma ni yeye Babu Spana. Magharibi ilikuwa imeingia. Kijana alikuwa anaikata kona hiyo na baiskeli pale gari la mizigo lilipotokea, na dereva alipoulizwa alijibu neno moja tu, akalirudia mpaka sauti ikamkauka: "Sikumwona. Sikumwona." Tangu siku hiyo Babu Spana alifanya ofisi za halmashauri kuwa nyumbani kwake. Alifukuzwa, akarudi, akaahidiwa, akadanganywa, akarudi tena, mpaka nguzo ikasimama. Nguzo nyingine za mtaa zilifuata nyuma ya ile. Kwa hiyo alipokataa kofia, hakuna aliyethubutu kumsukuma. Walimtuma binti yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya kofia, chukua marahaba yako urudi nayo."

Binti akavuta kigoda akakaa. Alieleza tena: kofia haizimi taa, inaishusha tu. Taa ile ndiyo inayoelekeana na uwanja wa shule, na mwalimu akiwapanga watoto pale jioni na darubini yake ya kuazima, wanachoona ni taa ya Babu Spana basi. Mzee alisikiliza huku akikuna goti.

"Taa ile niliililia," alisema. "Leo mnataka kuifunika kama chungu."

"Si kuifunika. Nitakuonyesha nikipanda."

"Hapandi mtu!" Alisema kwa ukali ambao haukulingana na kofia ya bati. Kisha akaona amezidisha, akaongeza polepole, "Ngazi si mahali pa mwanamke wa umri wako."

Fundi bati alikuwa amepanda ngazi nyingine zote za mtaa ule, na baba yake alimwona kwa macho yake, tena akimkosoa namna anavyoshika nyundo. Alijiondokea akiwa ameudhika. Alidhani ni uzee. Mzazi akizeeka huwa mtoto, ndivyo alivyojifariji, na faraja hiyo haikumfaa sana kwa sababu alimheshimu baba yake kuliko mtu yeyote duniani.

Hila aliyoifikiria ilikuwa ndogo. Angepanda baba yake akiwa kwa kinyozi, aishike kofia juu ya taa bila kuifunga, na mzee akirudi aone kwa macho yake kwamba upande wa chini unabaki wazi. Mwenye macho haambiwi tazama. Basi asubuhi moja, taa ikiwa imezimwa, aliegemeza ngazi yake kwenye nguzo akapanda na kofia kwapani. Kofia zote alizikata kwa kigezo kimoja cha boksi, na kigezo hicho hakijawahi kumwaibisha, kwani taa zote zilikuwa za namna moja na zimefungwa namna moja.

Hii haikukaa. Aliisukuma, akaigeuza, ikagoma. Ndipo alipoona kwamba taa yenyewe ilikuwa imegeuka. Mkono wa chuma unaoishikilia ulikuwa umezungushwa upande wa nyumba na kuinuliwa juu. Kwenye nati kulikuwa na alama za meno ya spana, zimeliwa na kutu: meno kadhaa, pengo, kisha meno tena. Fundi bati alishikilia ngazi kwa mikono yote miwili. Alama ile aliijua kabla hajajua kusoma. Ilikuwa kwenye kila bomba la nyumba aliyozaliwa, kwa sababu spana ya baba yake ilivunjika jino moja na mzee alikataa kununua nyingine.

Akageuza shingo afuate taa ilikotazama. Ilitazama ukuta wa nyumba, paa, na juu ya paa mbingu tupu ya upande wa shule. Kona ilikuwa nyuma yake kabisa. Yeye mwenyewe alipita konani pale kila jioni akitoka kazini, akamulika njia kwa tochi ya simu, na wala hajawahi kujiuliza kwa nini anahitaji tochi mahali penye taa. Hakuna aliyejiuliza. Kona ile ina taa, watu waliambizana, wakapita wakipapasa.

Aliposhuka, baba yake alikuwa amesimama langoni, nywele zimenyolewa upande mmoja tu. Mtu alikuwa amepita kwa kinyozi akamwambia binti yake yuko juu ya nguzo.

Waliingia ndani kwa kufuatana. Mama alikuwa mezani anachambua mchele. Aliwatazama wote wawili, akatazama kichwa cha mumewe, akaelewa.

"Ngazi nilishika mimi mpaka akafika juu," alisema. "Usimwandame peke yake."

"Mama!" binti alimaka.

"Ulitaka nimwache apande mwenyewe avunjike kiuno? Ningebaki na nani?" alimuuliza mumewe, akarudi kwenye mchele wake.

Babu Spana alikaa. Alizungumza akiitazama meza.

"Siku walipoiwasha watu walipiga makofi. Hata mkubwa wa halmashauri alikuja. Wakanisukuma mbele, nami nikatazama, nikaona pale. Pale pale, mwanangu. Peupe. Kumbe nilikuwa nimeomba niwekewe taa nione vizuri mahali nilipompeleka mwanangu. Usiku ule sikulala, na uliofuata sikulala. Kila nikifungua dirisha panang'aa. Nikaigeuza. Nikasema nitairudisha nikipata nguvu." Alikohoa. "Sikupata. Na watu wananishika mkono njiani. Babu, Mungu akubariki, taa yako inatulinda. Nami naitikia amina."

Hasira ilimpanda fundi bati mpaka masikio yakapata moto, na huruma ikampanda vilevile, na vyote viwili vikakaa ndani yake bila kusalimiana.

"Mimi napita pale kila jioni, Baba," alisema. "Umebakiwa na mtoto mmoja, na huyo mmoja ulimwachia giza lile lile."

Mama aliacha kuchambua. Ni neno ambalo mtoto hamwambii mzazi, na fundi bati alijua hivyo kabla halijamtoka. Hakuliomba lirudi. Alingoja afukuzwe, na hakuna aliyemfukuza.

"Sitamwambia mtu," aliongeza baadaye, sauti imeshuka. "Lakini siwezi kuiacha vile. Sema wewe niifanyeje."

Mzee aliinuka, akaingia chumbani, na kwa muda ilisikika sauti ya vyuma vikihamishwa chini ya kitanda. Alitoka na spana mkononi.

"Nati ile ilikazwa na mtu aliyechanganyikiwa," alisema. "Kwa vikoleo vyako vya bati hutaiweza. Lakini kwanza nirudi kwa kinyozi."

Alasiri alikuja fundi umeme wa halmashauri, maana sheria ilitaka awepo, akakata umeme wa nguzo. Mwalimu alifika, na mwenye duka la dawa, na wengine ambao hawakuitwa lakini walihudhuria kila jambo. Fundi umeme alipanda, akakuna kisogo huko juu.

"Nani aliyeichezea taa hii?" aliuliza. "Mbona imegeuziwa ukutani?"

Fundi bati alifungua mdomo. Alikuwa na uongo tayari, mzuri, kuhusu upepo.

"Mimi," alisema Babu Spana. "Niliigeuza mimi, siku chache baada ya kuwekwa. Nilikuwa siwezi kupatazama pale. Mlikuwa mkinishukuru bure."

Watu wakatazama viatu vyao, wakatazama kona. Aibu ya mzee ni nzito kuitazama, na fundi bati alimwonea baba yake uchungu hata akatamani ardhi impokee yeye kwanza. Hatimaye mwenye duka la dawa akavuta pumzi.

"Ndiyo maana najikwaa palepale kila siku," alisema. "Nikadhani ni unene."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, kisha wakacheka wote, na Babu Spana akatumia nafasi hiyo kujifuta macho. Spana ikapandishwa juu. Nati ililia, ikalegea, taa ikarudishwa ilikotakiwa, na kofia ikakaa mahali pake kama iliyopimwa pale pale, kwa kuwa kigezo hakikuwa na kosa tangu mwanzo.

Jua lilipozama na umeme kurudishwa, nyumba ya Babu Spana iliingia kivulini kwa mara ya kwanza tangu nguzo isimame. Kona ikatoka gizani. Kwenye uwanja wa shule watoto walipiga kelele, mmoja akataka kujua kama zile zote ni nyota au kuna za uongo, na mwalimu alisikika akimjibu. Mama alisimama uani ameshika kiuno, uso juu.

"Na wewe inua kichwa," alimwambia mumewe. "Shingo haijafungwa nati."

Babu Spana hakuinua. Alikuwa langoni, anatazama chini ya taa: lami, kokoto, ganda la chungwa, kifuniko cha chupa kilichokanyagwa.

"Kumbe ni padogo hivi," alisema.

Akaanza kwenda. Binti yake alitaka kumshika mkono, akajizuia, akamfuata kwa nyuma. Mzee alivuka taratibu mpaka pale, akasimama katikati ya mwanga, magoti yake mabovu yakiwa yameachana kidogo. Muungurumo ulisikika upande wa pili. Gari dogo la mizigo lilitokeza konani. Fundi bati aliita, "Baba!"

Gari lilipunguza mwendo likiwa bado mbali, likasimama. Dereva, kijana ambaye hawakumjua, alitoa mkono dirishani kumsalimu mzee, akalizungusha gari polepole kando yake, akaenda zake.

Babu Spana alibaki anaitazama barabara lilikoelekea gari. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ameniona," alisema.