Tamko la Vilemba Katika Ufalme wa Jedwali

Ufalme wa Jedwali ulikuwa ndani ya dirisha la kompyuta, na raia wake waliishi katika safu zilizonyooka toka juu hadi chini. Juu ya kila safu aliketi Kichwa, amevaa kilemba chenye jina la safu yake: Shule, Mavuno, Dawa. Kazi yake ilikuwa kusomeka tu, ili mwenye shida ajue ateremke wapi.

Mfalme Pambo aliona jina tupu halina heshima. Basi kila kulipokucha Bi Siwema, mchoraji wa ufalme, alipanda ngazi na kuvipaka rangi vilemba kimoja kimoja. Kichwa wa Mavuno alitaka nakshi za dhahabu. Wa Shule alipoziona, akataka dhahabu na manyoya. Wa Dawa alirembwa hata jina lake likafunikwa kabisa, na wenye homa wakawa wanateremka Mavuno na kupewa magunzi.

Siku moja Siwema, akiwa ngazini, alimwona mama mwenye mtoto mgonjwa akipita chini yake kwa mara ya tatu, bado anaitafuta Dawa. Akamwonyesha njia, akatua brashi, akaenda barazani.

Aliomba asipake tena. Angeandika Tamko moja ukutani, likisema tu kilemba kiweje, na kila Kichwa angelitii papo hapo. Hata safu itakayozaliwa kesho ingezaliwa nalo.

Waziri alikunja uso. "Wote wakivaa sawa, ukubwa wa mtu utajulikanaje?"

"Kwa safu anayoitunza, mheshimiwa," alijibu Siwema.

Mfalme, aliyechoshwa na ugomvi wa manyoya, akacheka na kupiga muhuri bila kusoma. Tamko lilisema: *Kila kichwa katika Jedwali: kilemba cha samawati, herufi nene nyeupe, jina katikati.*

Kufumba na kufumbua, dhahabu ikayeyuka na manyoya yakapeperuka. Vilemba vikawa samawati toka ukingo hadi ukingo, na majina yakasomeka hata kwa mwenye mtoto wa jicho. Raia walicheka mpaka safu zikayumba.

Kisha wakamtazama Mfalme, kicheko kikawakatika. Taji halikuwepo. Naye alikuwa kichwa. Alivaa samawati kama wenzake, na katikati pameandikwa MFALME. Kikongwe mmoja akamsogelea kwa adabu, akamuuliza safu yake inatunza nini.

Mfalme akatazama chini yake kwa mara ya kwanza. Palikuwa patupu.

Akamwita Siwema, akamwamuru amwondoe katika Tamko. Siwema hakubisha, alieleza tu kwamba Tamko ni moja, na kinachoongezwa husomwa na wote. Akaandika: *isipokuwa kichwa kisicho na safu.*

Mfalme akayasoma maneno hayo mara mbili, kwa sauti, mbele ya ufalme mzima. Halafu akamwomba ayafute, akauliza kama kule Dawa wanahitaji mtu wa kuteka maji.