Kikohozi cha Mzee Semboja

1

TANGAZO. Kufuatia Bw. Semboja, mpiga mbiu wa soko, kupoteza sauti baada ya upasuaji wa koo, kuanzia Jumatatu kitatumika king'ora. Boksi la kuchezea sauti yake iliyorekodiwa, lililoombwa na familia, litajaribiwa kesho, Jumamosi. Wachuuzi wasipoliitikia, suala limefungwa.
Ofisi ya Soko.

2

King'ora!

Baba mzima abadilishwe na king'ora? Zaituni, binti yake, fundi redio wa hapo hapo sokoni, alilibandua tangazo akafutia ncha ya pasi yake ya kuchomelea nyaya. Sauti ya baba alikuwa nayo kwenye simu, aliirekodi kabla ya upasuaji. Shida ilikuwa aihifadhi wapi.

3

Memori ya ndani ya chipu inayoendesha boksi: ipo tayari, lakini ndogo mno.
Kadi: inameza kila kitu. Ila mashine ya kukoboa hapo jirani inatikisa ukuta, kadi inacheza, sauti inakatika kat
Chipu ya memori ya kuchomelea kwenye bodi: kubwa, haichezi. Iko mjini.

Na jaribio ni kesho. Basi akachukua ya ndani. Ili sauti ienee, akaondoa sehemu za kuvuta pumzi. Akakata na kile kikohozi cha kila asubuhi, si kikohozi tu?

4

Jumamosi asubuhi boksi likaita: "Haya mashemeji, soko wazi!"

— Nani huyo?
— Redio ya mtu.
— Semboja aite bila kukohoa? Thubutu!

Sokoni pale hakuna anayefunua bidhaa kabla ya kikohozi. Siku hiyo hakufunua mtu.

4, tena

Mzee Semboja alijigusa koo, akatikisa kichwa. Zaituni alilia kwa hasira. Alijikasirikia mwenyewe.

"Mmeshindwa," alisema afisa wa soko.

"Sijashindwa. Nimekosea memori."

5

Wewe unayesoma, huruma yako kaa nayo. Jumapili alikwenda mjini, akamgongea muuza spea nyumbani kwake, akarudi na chipu.

6

Jumatatu. King'ora kimefungwa langoni. Zaituni yuko juu ya stuli, boksi mkononi.

"Shuka!" alifoka afisa.
"Sishuki."
"Naita mgambo!"
"Waite. Waje wamsikie baba."

Akabonyeza.

                    Khm.

Kitambaa cha kwanza kikafunuliwa. Chini ya stuli, Mzee Semboja alifumbua mdomo sambamba na boksi. Afisa akanyoosha mkono kwenye swichi ya king'ora.

Muuza nyanya akaudaka.

"Ngoja wewe. Hajamaliza kuita."