Kurasa Nane za Profesa Tolliver

Mchapishaji wa mji wa Des Moines, Marekani, alikuwa ameshakikata mgongo kitabu cha zamani ili mashine ipige picha kurasa zake, kichapwe upya, ndipo akagundua kurasa nane hazimo. Zilikatwa zamani kwa wembe, taratibu mno. Akampigia simu Maribeth, aliyemletea kitabu hicho. Kitabu chenye pengo hachapi, alisema, na Ijumaa mashine inaingia kazi nyingine. Makaratasi angeyarudisha kwa posta.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Baba yake, Profesa Ansel Tolliver, alilazwa sebuleni akipumulia mtungi wa oksijeni, na daktari alishasema Jumapili ni mbali. Kitabu hicho cha insha zake juu ya maisha ya Wamarekani kilitoweka madukani miaka arobaini iliyopita. Hakutaka kitu kingine ila kukishika kikiwa kipya tena kabla hajafa.

Maribeth alipigia maktaba kumi na saba. Zote zilishakitupa. Katika ya kumi na nane, huko jimbo la Nebraska, mama mmoja alishuka stoo, akakikuta, akamtumia picha za zile kurasa kwenye simu.

Alizisoma amesimama jikoni. Insha ilihusu vyakula ambavyo majirani huleta penye msiba, kila bakuli na jina la mwenyewe kwenye selotepu chini yake. Katika msiba wa mama yake mwenyewe, Baba aliyapindua mabakuli yote, kisha akayaandika majina yale yale katika insha. Tambi za Bi Bruning zilikuwa kavu kama maranda. Bi Hofstad alileta kidogo kwa kuwa alimpenda marehemu kidogo. Maribeth alicheka, kisha akakumbuka msiba wa mama yake yeye, baada ya kitabu kutoka: meza tupu, keki moja ya dukani. Miaka yote aliamini watu hawakumpenda Mama.

Akaenda kuketi kando ya kitanda.

"Baba, nani alizikata?"

"Mama yako." Akavuta pumzi. "Kitabu kilipotoka, alipika mwaka mzima kuwaomba radhi majirani, akiwapelekea nyumba kwa nyumba. Mabakuli yakarudi yameoshwa. Hata asante hakupewa."

"Nimezipata. Naweza kuzirudisha."

"Usithubutu."

"Hatachapa bila hizo. Nibadilishe majina basi?"

"Mji wa watu mia tisa huu. Utamdanganya nani?" Alitaka kucheka, kikohozi kikamzidi. "Nilijiona mjanja, mwanangu. Mama yako ndiye aliyebeba lawama."

Alhamisi Maribeth alimbembeleza tena, lakini mzee alikuwa haelewi anaulizwa nini.

Ijumaa asubuhi bahasha ya makaratasi ilifika, na simu ya mchapishaji ikafuata. Maribeth alikuwa na picha zote katika simu hiyo hiyo aliyoishika sikioni. Akasema kurasa hazikupatikana. Pole dada, mchapishaji akajibu, akakata.

"Kimekuja?" Baba aliuliza, macho kayafumba.

Maribeth aliyafunga makaratasi kwa mpira, akayaweka kifuani pa Baba, akamshikisha.

"Kimekuja, Baba."

Kidole gumba cha mzee kikapapasa ukingo, upande huu, kisha upande ule, kikitafuta mgongo wa kitabu.