Saa Tatu Kamili: Kupaa

Honi ile niliianzisha mimi. Nalisema mapema, mtu asije akanisoma hadi katikati akidhani anasoma habari za malaika.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nafuta chumvi kwenye vioo vya chumba cha usukani. Meli yetu ilikuwa ndogo, vyumba vinne vya wageni, vitanda viwili viwili, na kampuni ilijivunia udogo huo kwenye matangazo yake: "Watu wanane tu. Kamera zenu, visiwa, na ukimya." Siku hiyo tulikuwa tumetia nanga mbele ya kisiwa cha mwisho, kile cha mwamba mtupu, ambako ndege weupe wenye midomo myekundu huja kutaga. Nikajinyoosha nifikie kona ya juu ya kioo, kiwiko kikatua kwenye kitufe cha honi. Basi. Mamia ya ndege waliruka kwa mpigo mmoja, mbingu ikawa nyeupe, na daktari mmoja wa meno aliyekuwa amesimama sitahani akapiga picha.

Picha ile ilishinda tuzo. Kampuni ikaiweka kwenye tangazo lake. Mimi nikapewa kofia. Na kuanzia safari iliyofuata, ratiba inayobandikwa kwenye mlango wa chumba cha kulia ikaongezewa mstari: Saa tatu kamili, Kupaa.

Kinachofuata baada ya picha hakuna anayekipiga picha. Ndege akiruka kwa kushtuka, yai huburutwa na miguu yake mwenyewe. Jingine hubingirika hadi ukingoni, jingine hubaki wazi juani. Na shakwe wakubwa, ndege wa pwani walao mayai, wanaijua saa yetu kuliko sisi tunavyoijua. Kuanzia saa mbili na nusu walikuwa wanakuja mmoja mmoja kukaa kwenye mawe ya pembeni. Honi ikilia, hata hawahangaiki kuruka. Wanatembea. Wanaingia katikati ya viota kama watu wanaoingia dukani na wanajua rafu ya kila kitu. Wakimaliza, mwamba mzima unateleza kwa ute, jua linaupika, na harufu inavuka maji hadi kwenye meza ya kifungua kinywa, ambako wageni wanaletewa mayai ya kukaanga.

Daktari wa meno, ambaye tangu apate tuzo hakukosa msimu hata mmoja, hupenda kiini kikiwa kibichi. Nimemwona kwa macho yangu akichovya mkate kwenye kiini, kidevu kinameta, huku akiwaonyesha wenzake kwenye kioo cha kamera jinsi mbawa zilivyotoka. Nilimwaga kahawa yangu baharini.

Sasa, mlinzi wa kisiwa hicho ni mjomba wangu. Ni ndugu yake mama, na ndiye aliyenilea. Anakaa upande wa pili wa mwamba kwenye kibanda cha mabati, na mali yake ni darubini, redio ya upepo na kopo la rangi nyekundu. Kila kiota anakiwekea jiwe lenye namba, kisha anazungusha kamba ambayo mtu haruhusiwi kuivuka. Mwaka ule wa kiwiko changu alihesabu hadi mia tatu arobaini. Msimu huu wa mwisho rangi ilimbakia nusu kopo. Viota arobaini na kimoja.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha boti la mpira, kwa hiyo kila safari nilimpelekea maji na mafuta ya taa. Siku tuliyotia nanga nilimkuta ameketi mlangoni, barua imebanwa chini ya jiwe ili isipeperuke.

"Isome," akasema. "Wewe si ndiye msomi wa kujisomea?"

Nikaisoma. Ofisi yake ilikuwa inamwarifu kwamba vifaranga wasipopatikana msimu huu, ulinzi utafutwa. Kamba itaondolewa, na boti zitaruhusiwa kushusha wageni juu ya mwamba wenyewe.

"Wataanguliwa lini?"

"Siku tisa. Kumi zikizidi." Akaikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. "Nakuomba jambo moja tu, mwanangu. Kesho ile honi isilie."

"Haitalia, mjomba."

"Unasema hivyo kama nani? Umekuwa nahodha?"

"Nasema kama mimi."

"Ahaa. Kama wewe." Akacheka bila sauti, akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Habari ya kiwiko sikumwambia. Miaka sita nilikuwa nayo kooni.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, sheria za kazi nimezisoma nikiwa nimelala juu ya magunia. Nimewahi kuwagomesha makuli wa bandari siku tatu kwa ajili ya glavu, na glavu zikaja. Nimeteremshwa kwenye meli mbili kwa mdomo wangu, na nakumbuka jina la kila aliyenyamaza. Imani yangu ni moja: jambo lizungumzwe waziwazi, kisha mikono iinuliwe juu, wengi washinde. Kwa hiyo alasiri ile, wageni wakiwa wamelala, nikawaita mabaharia wenzangu jikoni. Tulikuwa wanne: nahodha, mimi, fundi wa injini tunayemwita Grisi, na mpishi ambaye meli nzima inamwita Shangazi ingawa si shangazi wa mtu. Mwongoza wageni, anayejiita Profesa kwa sababu ya miwani, sikumwalika. Yeye anaishi kwa sifa ambazo wageni humwandikia.

"Kesho tunakataa kubonyeza honi," nikasema. "Hadharani, na sababu tunazitaja."

Grisi alikuwa anatafuna njiti ya kiberiti. "Kwani lazima tukatae? Mle ndani kuna kibati chembamba ndicho kinachotoa sauti. Nakitoa kwa dakika mbili. Honi inakuwa bubu, sisi tunakuwa wajinga, mambo yamekwisha."

"Huo ni ujanja wa mwizi, Grisi. Sisi si wezi."

"Haya, Mheshimiwa."

"Wewe na hotuba zako," Shangazi akadakia, akikuna masizi ya sufuria. "Hotuba ya mwisho ilituletea nini? Sabuni."

"Na si unaiogea?"

"Naiogea huku nakulaani. Ina harufu ya dawa ya panya."

Nahodha akakohoa. "Mimi kesho kidole kitaniuma. Sitaweza kubonyeza kitu. Lakini Profesa akija kubonyeza mwenyewe, mkono wake sitaushika. Nina watoto shuleni."

Nikaita kura. Mkono wa Shangazi ukapanda, na wangu. Wa Grisi ukapanda kivivu. Wa nahodha uliishia sikioni, kama mtu anayejikuna, nami nikauhesabu.

Asubuhi, saa tatu kasorobo, wageni wanane walikuwa sitahani na vigoda vyao vya miguu mitatu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye lenzi ndefu kama bomba la moshi. Walinukia mafuta ya kujikinga na jua, na pua zao nyeupe kama zimepakwa unga. Kwenye mawe ya pembeni shakwe walikuwa wamekwishapanga foleni. Nikaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba cha usukani.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "leo honi haitalia. Kisiwa hiki kilikuwa na viota mia tatu arobaini. Leo vimebaki arobaini na kimoja, vyote vina mayai, na mayai yamebakiza siku tisa. Mkiwarusha ndege hawa leo, hakuna yai litakaloanguliwa. Hao shakwe mnaowaona hawajaja kupunga upepo. Wamewafuata nyinyi."

Nilitarajia wazomee. Wasipozomea, waone haya. Badala yake nikasikia kamera: chaka-chaka-chaka.

"Endelea, endelea," daktari wa meno akasema, jicho moja limefumbwa. "Ila sogea kidogo kushoto. Jua likupate usoni."

"Hasira yake ni ya kweli kabisa," yule mama wa lenzi akamnong'oneza jirani yake, kama anayesifu kitambaa.

"Nazungumza na nyinyi!" nikafoka.

"Safi. Hivyo hivyo." Chaka-chaka. Kisha daktari akateremsha kamera, akatabasamu, meno yote yamepangwa. "Lakini, bwana, si wewe uliyetuanzishia? Mimi nilikuwepo. Nilikuona kwenye kioo na kitambaa chako. Hata kofia ulipewa."

Shangazi alikuwa mlangoni mwa jiko lake. Akanigeukia. Grisi naye. Nilikuwa sijawaambia hata wao.

"Ni kweli," nikasema. "Na ndiyo sababu nimesimama hapa."

"Basi tusigombane," daktari akasema kwa upole, kama anayekuambia haitauma. "Sisi ni kundi dogo, ndiyo raha yake. Tupige kura. Mikono juu."

Mikono juu! Maneno yangu mwenyewe, kinywani mwa mtu yule. Ikapanda mitano, laini, yenye saa kubwa. Waliopinga walikuwa watatu, na mmoja wao betri ilikuwa imemwishia.

"Hawa waliolalia mayai hawajapiga kura," nikasema.

"Usituletee siasa," Profesa akasema, akanipita kwapani. Nahodha aliinamia ramani ambayo haikuwa na haja ya kuinamiwa. Saa tatu kamili, Profesa akabonyeza.

Ikatoka pumzi. Pffff, kama mzee anayejaribu kupuliza mshumaa. Akabonyeza tena kwa viganja viwili. Pffff. Grisi alikuwa ameegemea kamba za nanga, anafuta mikono kwa tambara, na uso wake ulikuwa wa mjinga kamili. Katika kura yangu alikuwa ameinua mkono, kisha akaenda kufanya lake. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

"Masufuria! Tuyagonge masufuria!" Profesa akapiga kelele, akakimbilia jikoni. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anamenya viazi, mlango nyuma yake umefungwa.

"Fungua, Shangazi."

"Ufunguo umeangukia baharini."

"Umeanguka saa ngapi?"

"Ukisogea hatua moja zaidi, ndipo unaanguka."

Hapo ndipo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natema mate. Wale watano wakaanza kupiga kelele wenyewe. Watu wazima, wenye vyeo, wenye wajukuu, wamevaa makoti ya mifuko kumi na sita, wanapiga makofi na kulia huuu, huuu, shingo zimewatoka mishipa. Mama wa lenzi alipiga mluzi wa vidole viwili. Daktari wa meno alibweka. Sisemi kama mbwa, maana mbwa ana sababu. Alibweka mpaka mate yakamwagikia kamera, akayafuta kwa mkono wa koti, akabweka tena, na kila mmoja kidole chake kiko tayari kwenye kitufe.

Ndege waligeuza vichwa. Watatu au wanne waliinuka kidogo, wakajitikisa, wakakaa tena juu ya mayai yao. Tulikuwa mbali mno kwa sauti za vifua. Shakwe walisubiri kwa adabu, kisha wakaona leo duka halifunguliwi, wakaondoka.

Nikawasha boti la mpira nikaenda kwa mjomba. Sikusubiri anikaribishe.

"Mjomba, ile honi ya kwanza kabisa nilikuwa mimi."

"Najua."

"Unajua vipi?"

Akainua darubini, akaishusha. "Miaka sita najua. Nilikuwa juu ya mwamba nahesabu viota, nikakuona na kitambaa chako."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Maji na mafuta ya taa nani mwingine alikuwa ananiletea?" Akavuta birika. "Nami nilitaka kuona utalitoa lini mwenyewe. Umechelewa, mwanangu. Viota mia tatu umechelewa."

Hakunifukuza. Alinimiminia chai.

Tulipofika bandarini kampuni ilinifukuza kazi kabla mizigo haijateremka. Kuhusu honi, Grisi aliandika kwamba kibati kimeliwa na chumvi, naye akabaki. Baada ya wiki mbili nahodha alipitisha salamu za mjomba kutoka redioni: vifaranga thelathini na watatu. Kamba inabaki, ulinzi unabaki, kwa msimu mmoja mwingine.

Hapo ningeishia, nikalala usingizi. Lakini mwezi uliofuata nilikwenda ofisi ya kampuni kuchukua barua yangu ya utumishi, nikakuta ukutani tangazo jipya, refu kuliko mimi. Lilikuwa uso wangu. Mdomo wazi, jua limenipata kutoka kushoto, nyuma yangu ndege weupe wametulia kwenye ukungu wa lenzi. Picha ya daktari wa meno. Juu yake maneno: "Watu wanane tu. Na mabaharia wanaowapenda ndege kuliko nafsi zao." Chini, kwa herufi ndogo, ratiba ya safari. Nikaifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Saa tatu kamili, Kupaa.

Dada wa mapokezi alinitazama mimi, akautazama ukuta, akanitazama tena.

"Si wewe huyu?" akasema, uso umemchangamka. "Jamani, umetoka vizuri!"

Nikatoka nikashuka gatini, nikamkuta Grisi amechuchumaa kando ya meli, njiti mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane sikuwa na hotuba.

"Wamefunga honi mpya?" nikamuuliza.

"Jana."

"Ina kibati cha namna gani?"