Vidole Ishirini na Dirisha Moja

Naandika habari hizi kwa utulivu na bila upendeleo wowote, ingawa mmoja wa wapiganaji ni mdogo wake mama yangu na ndiye anayenipikia wakati wa likizo. Katika shule ya bweni ninakosoma tunafundishwa kwamba ugomvi humalizwa kwa mazungumzo. Nimelala bwenini miaka minne na sijaona hata mmoja uliomalizwa hivyo, lakini naheshimu mafundisho.

Ugomvi wenyewe ulihusu dirisha. Tantine Gracieuse, huyo mama yangu mdogo, na Papa Urbain wanapanga duka moja mtaani Overport, huku ugenini, chumba kirefu chenye dirisha moja tu, upande wa barabarani. Papa Urbain ni fundi simu, naye alikuwa amekaa dirishani tangu siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo aliwahi kufika. Tantine husuka nywele. Yeye alikuwa nyuma, chini ya taa moja nyeupe inayomfanya kila mteja aonekane kama ametolewa hospitali asubuhi ile. Tantine alisema hawezi kugawa nywele kwa mistari myembamba gizani. Papa Urbain alisema skrubu za simu ni ndogo kuliko chembe za sukari, na anayetaka kuzitafuta gizani aje azitafute yeye. Shemasi Ezéchiel wa kanisani kwetu aliwaombea mara tatu wapatane. Mara ya nne alituma udhuru.

Mungu alitumia njia nyingine, nayo ilikuwa upanga.

Kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Berea, Bwana Moonsamy hufundisha watu kupigana kwa panga ndefu za Ulaya ya kale, zile zinazoshikwa kwa mikono miwili. Si kali, ni chuma butu, na wapiganaji huvaa barakoa za wavu na makoti mazito. Bwana Moonsamy alistaafu kutoka kiwanda cha rangi kule Jacobs na amesoma vitabu vyote vya Wajerumani waliokufa. Tantine alijiunga kwa sababu kliniki ilimwambia anyooshe mabega, na ukumbi ni ule ule tunamosali Jumapili, kwa hiyo njia aliijua. Papa Urbain alijiunga wiki iliyofuata. Hakuweza kukaa chini ya paa moja na mtu anayejua jambo ambalo yeye halijui.

Somo la kwanza la Bwana Moonsamy, na la mwisho, na yote ya katikati, ni mikono.

“Kabla kichwa cha adui hakijakufikia, mikono yake imeshafika,” husema kwa Kiingereza. “Ipige hiyo. Na yako usiitangulize. Upanga kwanza, mikono nyuma yake, imejificha nyuma ya kile chuma cha msalaba kilicho juu ya mpini. Ukishapiga, irudishe nyumbani.”

Wanafunzi wa chuo waliojaa pale hulijua somo hili nusu. Hupigwa vidole, kisha hupiga picha kucha iliyoingia weusi na kuwatumia marafiki. Tantine na Papa Urbain peke yao ndio waliolielewa lote, kwa sababu kwao kidole si kidole, ni karakana. Kila mmoja alivaa glavu nene kama mkate wa kukata, na ndani yake glavu nyingine. Walipopangwa kupigana wao kwa wao, walisimama mbali, mikono imefichwa kiunoni, kama majirani wawili waliokutana njiani kila mmoja akiwa hataki kuonyesha alichonunua. Mara moja pambano lao lilidumu dakika ishirini bila pigo hata moja. Bwana Moonsamy alikaa chini akala embe.

Siku niliyofika kwa likizo, nilimkuta Papa Urbain amehamisha meza yake inchi tano zaidi ndani ya mwanga.

“Papa Urbain,” Tantine alisema bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anasuka, “hiyo meza iko natembea yenyewe?”

“Nyumba iko nainama, mama. Nyumba za Overport ni za zamani.”

“Sharp, sawa. Basi Jumamosi tuinyooshe. Mapigo matatu. Anayeshinda anakaa dirishani, anayeshindwa anakaa nyuma, na hakuna kupeleka maneno kwa shemasi.”

Papa Urbain alitafakari muda wa kufunga skrubu mbili. “Nakubali,” alisema. “Lakini usije kulia, mama. Chuma haijui mwanamke.”

“Na kioo cha simu iko najua mwanaume?”

Mteja aliyekuwa anasukwa alicheka mpaka mstari ukapinda.

Nami, kwa kuwa niliona haki iko upande wa chakula changu, niliamua kusaidia. Sikutia pilipili kwenye glavu za mtu. Hilo nililifanya shuleni, na bado tunalizungumza katika vikao rasmi na mwalimu wa bweni. Safari hii nilikaa tu nikaangalia. Siku tatu nilikaa kwenye stuli katikati ya duka, na nikaona jambo ambalo wao walikuwa wameacha kuliona.

Mikono ya Tantine huwa na jeli ya nywele tangu saa mbili asubuhi. Anayemsalimia hapewi kiganja. Anapewa kifundo cha mkono, ngumi imekunjwa na kuinamishwa, naye hukishika kwa heshima, kama tunavyofanya kwetu kwa mtu aliyeshikwa na kazi. Papa Urbain alikuwa mtu wa adabu kuliko wote. Dirisha lilikuwa ugomvi, salamu ilikuwa salamu. Kila asubuhi Tantine alipopita kwenda nyuma na kuinyoosha ngumi yake, Papa Urbain aliweka chini alichoshika, hata kama ni simu ya mteja iliyofunguliwa tumbo, akakishika kile kifundo kwa mkono wa kulia, akainama kidogo. “Bonjour, mama.” Nilihesabu: hakuchukua hata sekunde moja kufikiri.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kwaya ya kina mama ilikuwa na mazoezi saa nne, ikafika saa mbili. Mama Coletha, kiongozi wao, Mtanzania mrefu ambaye akiimba sauti ya nne wanaume huacha, alikaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani kama hakimu. Pembeni yake alikaa Cathy, mke wa Papa Urbain.

Bwana Moonsamy alisoma sheria. Pigo kwenye mikono ni pointi. Pigo popote pengine ni pointi. Tena, anayewahi kumshika mpinzani mkono apata pointi, na pigo linalofuata halihesabiwi. Sheria hii ya mwisho aliisoma kwa huzuni kidogo. Ameifundisha miaka miwili, anaonyesha michoro, na hakuna mtu aliyewahi kuitumia.

Papa Urbain alipata la kwanza, kwenye dole gumba. Tantine alikuwa ameitanguliza mikono, kama mtu anayepokea sinia. Alirudi nyuma, akakunja na kukunjua kila kidole kimoja kimoja, akahakikisha vyote bado vina ajira. La pili alilipata Tantine: Papa Urbain alipiga kwa nguvu, akasahau kurudisha mikono nyumbani, ikakutwa barabarani. La tatu Urbain. La nne Tantine. Yakawa mawili kwa mawili, na saa ya ukutani ilikuwa imekwenda dakika arobaini. Kwaya ilianza kuvua viatu.

Bwana Moonsamy alitoa mapumziko. Nilimpelekea Tantine maji.

“Nimechoka, Prodige,” alisema ndani ya barakoa. “Mikono yake nayo haitoki. Ameificha kama passport.”

“Tantine, msalimie.”

“Nini?”

“Kama asubuhi. Mpe kifundo.”

Aliniangalia kwa muda kupitia wavu. Sikumwona uso, lakini nilimwona bega moja likitikisika, na Tantine hutikisa bega moja tu anapozuia kicheko.

Walirudi katikati. Walizunguka, mikono viunoni. Kisha Tantine akauachia mpini kwa mkono wa kulia, upanga ukabaki kwenye wa kushoto, akapiga hatua moja ya kawaida kabisa, hatua ya mtu anayepita kwenda kazini, na akanyoosha ngumi iliyoinama.

Papa Urbain akaachia mpini. Akakishika kile kifundo kwa mkono wa kulia, akainama kidogo.

“Bonjour, mama,” akasema.

Tantine, kwa upanga wa mkono wa kushoto, akamgonga vidole vya mkono uliobaki kwenye mpini, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

“Halt,” akasema Bwana Moonsamy. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Pointi kwa Urbain. Mechi kwa Urbain. Ameshika mkono kwanza. Miaka miwili, mabibi na mabwana. Miaka miwili nimesubiri kuiona.”

Hapa nakiri kwamba nilihisi njaa ya ghafla.

Bwana Moonsamy alikuwa ameshatoa simu. Alitaka Papa Urbain asimame na kuwaeleza wanafunzi, hatua kwa hatua, alivyomvuta mpinzani, alivyochagua wakati, alivyokamata ile sehemu nyembamba juu ya glavu. Wanafunzi walikaa chini kwa heshima. Papa Urbain alivua barakoa. Alikuwa mtu aliyeshinda dirisha, na uso wake ulianza kulifurahia.

Ndipo benchi la kwaya likaanza kunong'ona.

“Amemkamata mama wa watu mkono,” alisema mmoja.

“Mbele ya Cathy,” alisema mwingine.

“Na aliinama, mliona? Alimkamata huku anainama.”

Cathy alifungua mkoba wake, akaangalia ndani, akaufunga.

Mama Coletha alisimama. “Baba Urbain,” alisema, kwa sauti ya nne, “sisi hatujui mambo ya Wajerumani. Tueleze tu kwa Kiswahili. Ulimkamata mama huyu mkono kwa nguvu?”

Papa Urbain alimwangalia Bwana Moonsamy na simu yake. Akamwangalia Cathy. Akatazama juu, kwenye madirisha makubwa ya ukumbi, mwanga ukiingia bure kabisa, kwa yeyote. Naamini aliziona skrubu zake zote zikizama gizani moja baada ya nyingine.

“Hapana, mama,” alisema. “Nilikuwa namsalimia.”

“Anasema nini?” Bwana Moonsamy aliuliza.

“Nasema haikuwa shambulio, kocha,” Papa Urbain alijibu kwa Kiingereza safi. “Ilikuwa habari za asubuhi.”

Bwana Moonsamy alishusha simu polepole. Alitafuta katika sheria zake, kurasa zote nne, mbele na nyuma, na hakukuta habari za asubuhi. Salamu si kukamata. Kama si kukamata, pigo la Tantine linasimama. Tatu kwa mbili. Alilitangaza kama mtu anayesoma tanzia.

Jumatatu tulihamisha meza. Tantine alikaa dirishani siku mbili kwa furaha kubwa. Siku ya tatu aligundua kile ambacho Papa Urbain hakuwahi kumwambia: kila mtu wa kwetu anayepita Overport hupita hapo, na kila apitaye huingia kusalimia. Kichwa kilichokuwa kinamalizika saa nane sasa kinamalizika saa kumi na moja. Ngumi yake hainyooki kwa kazi, inanyooka kwa watu.

“Papa Urbain,” alisema Alhamisi, “ukitaka, tunaweza kuongea tena juu ya hili dirisha.”

“Mi nilishindwa kihalali, mama,” sauti ilitoka nyuma, ambako sasa kuna taa ya mezani aliyonunuliwa na Cathy. “Huku iko kimya kabisa.”

Hata hivyo kila asubuhi, akipita kwenda huko, huweka begi chini, hukishika kifundo, huinama kidogo. Tofauti ni moja tu. Siku hizi, wakati anasema bonjour, macho yake yako kwenye mkono wa kushoto wa Tantine, ule wenye kitana.