Utepe Mweupe Kwenye Ngazi

Uliiona ile ngazi. Usikatae. Uliiona Jumapili ya kufunga kipindi cha Noeli, imelazwa ubavuni mwa kanisa, imevishwa utepe mweupe toka chini hadi juu kama bibi harusi. Ukainua nguo yako isichafuke, ukairuka, ukaingia ndani kumshukuru Mungu. Ndivyo mlivyozoea. Ukuta wa chumba cha mafundisho ulipolalia madawati, mlisema ni mvua. Kamba ya kengele ilipokatika, mpiga kengele akavunjika bega, mlisema ni uzee wake. Mnasahau upesi. Wako wasiosahau.

Mle ndani, benchi la nne kutoka mlangoni, Mama Pindo alikaa kama aliyekalia siafu. Jina hilo alipewa na wanakwaya, kwa kuwa ndiye aliyeshona vitambaa vyote vya altare, na kwenye pindo zake huoni uzi ulipoanzia wala ulipoishia. Siku hiyo aliukunja ukingo wa gauni, akaukunjua, akaukunja tena. Mkobani mlikuwa na mkasi wake wa kazi. Fundi cherehani huenda nao hata msibani.

Mabenchi mawili mbele yake alikiona kisogo cha shemeji yake, mdogo wa mumewe, mpaka rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyonga kwa madoa ya nguo zake. Misa ikiisha, huyo ndiye angepanda ngazi kuishusha nyota ya Noeli kutoka mnarani. Desturi ya parokia ndiyo hiyo: nyota hupandishwa mkesha wa Noeli, hushushwa Jumapili ya Ubatizo wa Bwana, kwaya ikiimba wimbo wa mwisho wa msimu. Haikai juu hata siku moja zaidi.

Aliyeipandisha msimu huu alikuwa mume wa Mama Pindo, fundi umeme. Tangu mkesha ule yuko nyumbani, kalala chali, nyonga imevunjika, anahesabu mbao za dari.

Kabla ya Misa, mlangoni, Mama Pindo alijaribu.

"Shemeji, usipande leo."

"Kwa nini? Unaogopa utauguza wawili?" Kinyonga akacheka. "Kaka ni mzito bwana, unamlisha mno. Mimi hata upepo hunibeba."

"Ile ngazi si nzima."

"Inavyometameta vile? Acha hizo, shemeji. Wanasema kaka alikuwa ameonja kidogo mchana ule."

"Wanasema akina nani?"

"Watu, shemeji. Watu."

Akaingia zake. Maneno yaliyobaki Mama Pindo akaenda nayo benchini.

Na yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa mazito. Mkesha wa Noeli, mchana, aliyeizungushia ngazi utepe alikuwa yeye mwenyewe. Alipofika kipandio cha tisa, mti ulizunguka mkononi mwake. Ulikuwa umepasuka upande mmoja, na tundu la msumari limepanuka. Akamwita mwenyekiti wa kamati ya mapambo, mwalimu mstaafu mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Mwalimu, hiki hakifai."

"Kikaze na utepe, mama. Wapiga picha wanafika saa kumi. Ngazi tutaitengeneza baada ya sikukuu."

Naye akakaza. Akazungusha mara nne, akalificha fundo, kwa kuwa kazi yake anaijua. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila saa kumi na moja hakupita mwanaharamu. Alipita mumewe.

Kipandio hakikukatika. Kilizunguka tu ndani ya utepe, kikamtupa mtu, kikabaki pale pale kizuri kama mwanzo. Watu wakaona mtu kaanguka kutoka ngazi nzima, na mtu akianguka kutoka ngazi nzima, mwenye kosa ni miguu yake. Hata yeye aliamini. Kila asubuhi, mkewe akimgeuza kitandani, aliuliza lile lile: "Mama, hivi nilikanyaga vipi? Miaka ishirini napanda nguzo." Naye humjibu, "Bahati mbaya tu, baba." Wiki mbili na zaidi, jibu moja.

Padre alipomaliza kuhubiri alisema, "Leo tunafunga msimu. Tunyamaze dakika moja. Kila mmoja aangalie nyuma, amshukuru Mungu kwa aliyoyaona."

Kanisa zima likafumba macho. Wameambiwa waangalie, wakafumba macho! Mama Pindo peke yake aliyakodoa, akikitazama kile kisogo chenye doa la rangi ya kijani nyuma ya sikio.

Baada ya Komunyo, Mwalimu akapanda mimbarini na karatasi yake. Akaishukuru kwaya. Akawashukuru wajenzi wa pango la Noeli, wafagiaji, waliotoa maua, hata aliyeazima mbuzi wa kuweka pangoni. "Na zaidi ya yote," akasema, "tunamshukuru Mungu kwa kuwa sikukuu zimepita salama, hakuna baya lililotupata."

Makofi.

Mama Pindo akajikuta amesimama.

"Limetupata, Mwalimu."

Makofi yakafa moja moja, kama mvua inayokatika.

"Mama, mgonjwa wako tunamwombea," Mwalimu akasema kwa upole wa darasani. "Keti kwanza. Shukrani hazijaisha."

"Kipandio cha tisa kimepasuka. Nilikwambia. Uliambiwa, na mimi niliyekwambia nikakifunga."

Jirani yake akamvuta gauni. "Dada, kaa chini, unatuaibisha!"

Mwalimu akaikunja karatasi. "Kwaya, wimbo," akasema. Na kwaya, jamani, ikaimba, padre hata baraka hajatoa. Watu wakainuka kwa mazoea kuelekea nje kwenye mnara, Kinyonga mbele yao, anakunja mikono ya shati.

Mama Pindo hakungoja njia. Alipenya kwa viwiko katikati ya wanakwaya, akafika wa kwanza, akapiga magoti juu ya ngazi. Akahesabu kwa sauti, kidole kikigusa kila kipandio: saba, nane, tisa. Akatoa mkasi.

Utepe ukakatika. Akaushika mkono wa Kinyonga, akauweka pale.

"Zungusha."

Kinyonga akazungusha. Mti ukalia kama bawaba kavu, na ule ufa ukafunguka mdomo. Wimbo ukakatikia katikati ya ubeti.

"Shemeji," akasema Kinyonga. "Ulijua?"

"Nilijua. Nilikifunga mwenyewe."

"Nikawa nasema kaka alikuwa amelewa." Akautazama ule ufa. "Yeye anajua?"

"Bado."

Kinyonga hakutania tena. Aliutoa mkono wake, akajifuta kiganja kwenye suruali, akarudi nyuma hatua tatu. Hatua zile Mama Pindo alizisikia moja moja.

Padre akafika na mavazi yake ya Misa, akachuchumaa vumbini, akakizungusha kipandio mwenyewe. Hakuhubiri.

"Nyota ibaki juu."

"Padre, msimu umekwisha," Mwalimu akanong'ona. "Desturi yetu..."

"Ibaki, Mwalimu."

Mama Pindo akaukusanya utepe wote, akaushindilia mkobani, akashika njia ya nyumbani. Mlangoni alisimama, akarudi hadi barabarani, akageuka tena. Ndani sauti ya mumewe ikauliza, "Ni wewe, mama? Misa ilikuwaje?" Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akautoa utepe akamwekea kifuani.

"Hukukanyaga vibaya," akasema.

Nyota ingali mnarani, imechelewa msimu wake, na wapita njia wanaicheka. Waache wacheke. Wewe, kwenu ipo ngazi, na kipandio kibovu unakijua ni cha ngapi. Kama si ngazi ni waya, ni ukuta, ni gari linalobeba wenzako kila asubuhi. Usiniambie baada ya sikukuu. Weka chini unachosoma, inuka, beba mkasi, nenda ukaukate huo utepe sasa hivi, watu wakiona. Yuko mtu anakunja mikono ya shati.